Baada ya "Salama"

Fundi wa mashine walimbandika jina la Redio, maana akianza kuongea, hata umeme ukikatika yeye hazimiki. Leo alikuwa kimya. Mbele yake alikaa Mkaguzi, mwanamke ambaye kazi yake ni kuamua mashine ipi iruhusiwe kuhudumia wazee na wagonjwa, na ipi izimwe. Hii ya Redio huwapigia simu kila asubuhi wazee wanaoishi peke yao. Anayesema anaumwa hutumiwa muuguzi. Mama yake Mkaguzi alikuwa mmoja wao. Walimzika juzi.

"Dada, hii kesi mpe mwenzako," Redio alisema.

"Bonyeza."

Ikasikika rekodi ya simu ya asubuhi ile ya mwisho ya mama yake.

"Shikamoo, mama," mashine ilisema, kwa adabu kuliko wajukuu wote wa ukoo. "Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama." Pumzi ndefu. "Ila kifua..."

"Nafurahi kusikia hivyo. Siku njema, mama."

Ikakata.

Mkaguzi alitazama chai yake iliyokwisha kuota utando. Alijua hapa ndipo mtu hulia. Machozi yalikuwa kama mgeni aliyesema yuko njiani, kumbe hata viatu hajavaa.

"Alisema salama," Redio alijitetea kwa sauti ya chini.

"Hata aliyevunjika miguu yote miwili huanza na salama. Ugonjwa huja baada ya 'ila'. Kwenu hamsalimiani?"

"Tunasalimiana. Mashine ndiyo sikuifundisha. Utaizima?"

Mkaguzi aliwafikiria wazee waliobaki, ambao hiyo ndiyo sauti pekee inayowaamkia.

"Nikiizima, kesho atawapigia nani? Wewe?"

"Mimi nitawachosha."

"Utawamaliza kabisa."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akaandika sharti: baada ya salamu, mashine inyamaze, isikate mpaka mzee mwenyewe aage. Bila hivyo, haimpigii mtu tena.

"Anza na mimi," akasema.

Redio alishinda akigongagonga kompyuta. Jioni simu ya Mkaguzi ikaita.

"Shikamoo, mama. Umeshindaje?"

"Marahaba. Salama."

Mashine ikanyamaza. Redio naye, maneno yamemjaa hadi mashavuni, akajizuia. Feni ilizunguka juu yao.

"Ila," Mkaguzi akasema.

Neno la kufuatia hakulipata. Alibaki ameshika simu sikioni, na simu haikukatwa.