Kiko cha Mnyapara

Jumamosi alasiri sebule ya Mnyapara ilijaa watu mpaka wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa, wote wamekuja kumtazama akiwasha kiko kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa amedokeza habari hiyo dukani, na duka likamalizia kazi. Kiko chenyewe kilikuwa cha mti mwekundu, kimelazwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini. Mnyapara alizawadiwa na Bosi wiki ile aliyotoka kwenye uchunguzi wa moto wa kiwandani. Huko aliulizwa kama mlango wa nyuma wa kiwanda ulikuwa wazi siku watu walipokufa, akajibu kwamba ulikuwa wazi. Ufunguo wa mlango huo alikuwa ameuvaa shingoni wakati anajibu.

"Jamani, mpisheni mkubwa apate hewa," alisema mjomba wake, fundi viatu aliyevuta kiko tangu ujana, na ndiye aliyeitwa kufundisha. "Na wewe, mpwa wangu, mbona unashindilia tumbaku kama unajaza godoro? Utavuta nini hapo, ukuta?"

Mnyapara akaimwaga, akaanza upya. Mjomba akamwelekeza: fungu la kwanza ulibonyeze kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Ukivuruga mpangilio huo, kiko kinazima kila mara na ulimi unaungua.

"Halafu usivute kwa pupa. Vuta kama unaonja chai ya moto."

Kiberiti cha kwanza kilizima. Cha pili kilimuunguza kidole. Jirani mmoja akasema hata jiko lake la mkaa halina maringo namna hiyo, na sebule nzima ikacheka. Kisha tumbaku ikashika. Mnyapara akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na moshi ukatoka mdomoni mwake ukiwa mikono.

Ilikuwa mitatu. Ulitangulia mdogo, kucha zimetafunwa. Ukafuata wa mwanamke, wenye vidole vyembamba vya mtu wa sindano. Wa mwisho ulikuwa wa mwanamume, mpana, kidole gumba kimepinda. Ikapita juu ya vichwa vya wageni bila kumgusa mtu, ikaingia jikoni, ikaanza kugonga mlango wa nyuma.

"Huyo wa gumba si yule mkata vitambaa?" aliuliza jirani wa jiko la mkaa.

"Ndiye," alijibu mwenzake. "Na huyo mdogo ni yule binti aliyekuwa akipunguza nyuzi, aliyedanganya umri ili apate kazi. Kucha alikuwa anazitafuna, masikini."

Wa katikati hakuna aliyeuulizia. Fundi wa vifungo alikuwa akiishi nyumba ya pili kutoka pale, na kila mtu alikuwa amekwenda kumzika.

"Baba watoto, wafungulie basi," alisema mkewe. "Chai inapoa."

Mnyapara akaenda, akafungua mlango wa jikoni. Mikono ikatoka uani, ikajinyoosha juani, ikatawanyika. Watu wakanywa chai. Mjomba akasema kwamba, kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza, si haba.

Jumatatu Mnyapara akaenda na kiko kazini. Tangu moto ule, kiwanda cha sare kilikuwa kimebandika makatazo ya kuvuta sigara kila nguzo, ila kibanda cha vioo cha Mnyapara hakikuhesabiwa, kwa sababu Bosi alipenda kumwona na zawadi yake. Mikono ikatoka dirishani mwa kibanda, ikapita juu ya safu za cherehani, ikafika mlango wa nyuma na kugonga. Mlango ulikuwa na kufuli. Ulipigwa kufuli kabla ya moto, siku robota la kitambaa lilipopotea. Robota lenyewe likaja kuonekana nyuma ya choo, lakini kufuli likabaki.

Mikono ikagonga mpaka saa ya kutoka, na kwa kuwa haikuwa na pa kwenda, ikalala pale pale. Kesho yake ikaongezeka. Haukupita muda, mlango ukawa hauonekani rangi. Washonaji wakazoea. Wakagundua pia kwamba mkono wa fundi wa vifungo haujasahau kazi: ukiupa sindano unakutungia uzi, kisha unarudi kugonga.

Bosi alipita siku moja, akasimama kusikiliza.

"Hiyo kelele inawachelewesha?"

"Hapana, Bosi. Wamezoea."

"Basi iache. Lakini kufuli linachezacheza. Ongeza lingine."

Mnyapara akaongeza. Shingoni sasa zikawa funguo mbili, zikigongana akitembea.

Cherehani ya vifungo ilikuwa imekaa bila mtu, na mdogo wa mkewe alikuwa anatafuta kazi. Mkewe alimsumbua Mnyapara mpaka shemeji yake akapewa nafasi hiyo. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa, imepakana na mlango wa nyuma.

"Shemeji," binti alimwambia kabla hata wiki haijaisha, "hawa wenzangu wanagonga tangu asubuhi. Utawafungulia lini?"

"Nikipewa ruhusa."

"Na nyumbani ruhusa ulipewa na nani?"

"Na dada yako."

"Basi kesho namleta kazini."

Safu nzima ikaangua kicheko. Mnyapara akacheka nao, akarudi kibandani, akavuta kwa pupa mpaka ulimi ukaungua.

Nyumbani mkewe hakucheka. Kila jioni aliifungulia mikono mlango wa jikoni bila kuambiwa, kama mtu anayemtoa paka nje.

"Mdogo wangu anakaa pale pale walipokufa wale," alisema.

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Kiko kilikuwa kimezima. Mnyapara akakiwasha tena.

Aliwahi kukiacha kwa siku kadhaa. Bosi akamuuliza kama zawadi imemchosha, au kuna jambo lingine linalomchosha. Akakirudia.

Kisha akaja mkaguzi, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Akakagua ndoo za mchanga, akakagua nyaya, akafika mlango wa nyuma. Bosi akabaki hatua chache nyuma, mikono mfukoni. Pale mlangoni kugonga kukakoma ghafla. Mikono yote ikatulia, vidole vikiwa vimetandazwa juu ya ubao. Shemeji akainua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani.

"Huu mlango hufunguliwa?" aliuliza mkaguzi.

Mnyapara alihisi funguo zikimkaa kifuani, zimepata joto la mwili wake. Akamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa ameshika kifungo kimoja cheupe, hajakiweka mahali pake.

"Hufunguliwa," alisema Mnyapara.

Mkaguzi akayatazama makufuli mawili, akaitazama mikono. Akasema moshi mwingi kiasi hicho ni dalili kwamba jengo linahitaji madirisha, ila madirisha yana idara yake. Akashukuru, akatokea mlango wa mbele. Mikono ikarudia kugonga, na cherehani zikarudia kazi.

Siku hizi Mnyapara ni mvutaji kamili, mjomba mwenyewe amekiri. Kiko hakimzimikii na ulimi hauungui.

Jioni ile ya mkaguzi, watu walipokuwa wakifunika cherehani, shemeji yake aliuendea mlango wa nyuma. Akatafuta katikati ya mikono mpaka akapata nafasi, akaweka kiganja chake pale, kama mtu anayejipimia kiatu dukani. Mikono ya kando ikasogea kidogo kumpisha.

"Pananitosha, shemeji," alimwambia Mnyapara.

Akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele pamoja na wenzake, wakicheka habari nyingine.

Mnyapara akafunga kifungo cha juu cha shati, funguo zikafichika. Akatoa tumbaku. Fungu la kwanza akalibonyeza kwa mkono wa mtoto. La pili, kwa mkono wa mwanamke. Hapo akakawia kidogo. La tatu akalishindilia kwa mkono wake mwenyewe, akapiga kiberiti, nacho kikashika mara ya kwanza.