Barua Ambayo Bi Nukta Hakuisahihisha

Katibu muhtasi wa shule ile walimu walimwita Bi Nukta, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa hakuna barua iliyotoka ofisini kwake na koma iliyopotea njia. Hata mwalimu mkuu alirudishiwa zake zikiwa na alama nyekundu, akacheka na kusema, "Haya mama, nimekoma."

Jumatatu moja, fomu za mitihani zimejaa mezani na simu haipoi, ikaingia barua pepe: akaunti yake ingefungwa kabla ya mchana na kila kilichomo kufutwa, asipothibitisha. Humo mlikuwa na majina ya watahiniwa wote. Moyo ulimruka. Akabofya kiungo, akaandika neno lake la siri, ukurasa ukamshukuru. Akashusha pumzi na kurudi kwenye fomu zake.

Kufikia saa sita, barua ileile ilikuwa imewafikia walimu wote na wazazi thelathini na kitu, safari hii ikitoka kwenye akaunti yake mwenyewe. Walimu wanne walijaza maneno yao ya siri bila kusita. Nani angeshuku barua ya Bi Nukta?

Mwalimu mkuu akaingia amekunja uso. "Kompyuta hii anaitumia nani mwingine?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini ulimi una mbio kuliko aibu. "Mtunza stoo huja mchana kuandika orodha yake," akajibu.

Kila neno lilikuwa la kweli, na jibu zima lilikuwa uongo.

Mtunza stoo aliitwa ofisi ya pili, kwa mkuu. Ukuta ulikuwa wa mbao, kila kitu kilisikika. "Mimi hata barua pepe sina, mkuu. Naandika chaki na mifagio, basi." Alipotoka alisimama mbele ya meza ya Bi Nukta, kofia mkononi. "Dada, kama nilibonyeza kitu bila kujua, unisamehe."

"Hamna neno, kaka," akajibu, na uso ukamwaka kama aliyechapwa kofi.

Alipobaki peke yake aliifungua tena ile barua, akaisoma kama anavyosoma za wenzake. "Mpendwa mteja", kana kwamba hana jina. "Akaunti yako inatafungwa." Anwani ya aliyetuma ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Makosa sita katika mistari mitatu. Mtoto wa darasa la nne angeyaona. Asubuhi hakuwa ameisoma. Alikuwa ameogopa tu.

Kesho yake, walimu walipokusanyika kwa chai ya saa nne, alisimama. Mtunza stoo alikuwa mlangoni, ameleta sukari.

"Aliyemfungulia mwizi mlango ni mimi," alisema. "Huyu kaka hakugusa kitu, na jana nilipomtaja nilikuwa najua."

Mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale wanne, akajaribu kumsitiri: "Lakini hata sisi tuliingia, mama."

"Nyinyi mliniamini mimi. Mimi nilimwamini nani?"

Aliwaonyesha makosa yote sita. Akawaambia barua ikikutisha na kukuharakisha, usipite mlango iliokufungulia. Ingia mwenyewe kwa njia uliyoizoea, au uliza kwanza. Fundi wa kompyuta akaja kubadilisha maneno ya siri. Alasiri yote alikuwa kwenye simu na wazazi, mmoja baada ya mwingine, akirudia, "Nilidanganywa, nami nikawaponza." Wengine walimpa pole, mmoja alicheka sana.

Jioni alikwenda stoo. Mtunza stoo alikuwa anapanga ndoo. Bi Nukta alimwomba radhi.

"Yamekwisha, dada," alijibu bila kugeuka.

Tangu siku hiyo orodha yake anaiandika kwa mkono, anaileta mchana na kusimama kizingitini.

"Karibu ukae, kaka."

"Asante. Nina haraka kidogo."