Usajili Tuliouficha

Wazo la kuficha lilikuwa langu, si la Ndaki. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani kwetu hapa Bariadi, wakimwona mume wangu anavyochechemea, husema kajiharibia mwenyewe, kama kawaida yake.

Kwa hiyo "kawaida yake" siwalaumu sana. Akiwa na miaka kumi na minane, timu moja ya Shinyanga ilimchukua. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, na mpira ukimfikia alikuwa kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani: hakuna wa kumsimamisha. Siku ya kuondoka alizunguka stendi nzima akiaga, na bodaboda wakamsindikiza kwa honi mpaka nje ya mji. Miezi saba baadaye alimpiga mshika kibendera ngumi ya sikio. Akafungiwa mwaka mzima, akarudi na begi lake, na stendi iliyomuaga ndiyo ikampokea.

"Karibu, mchezaji wa kimataifa! Pamba imekomaa, umekuja kuvuna?"

Akaanza kunywa. Mimi nilimkuta katika hali hiyo, adhabu imekwisha na yeye hataki hata kuuona uwanja. Sitasema nilimbadilisha mimi. Alibadilika alipozaliwa binti yetu, Goodness. Asubuhi moja aliamka kabla ya jogoo, akavaa raba, akakimbia mpaka njia ya kwenda Maswa na kurudi. Kesho yake tena. Kocha Mtoro wa timu ya mtaani akampa jezi, na kwenye ligi ya mkoa mwaka huo akafunga mabao kumi na moja.

Ndipo akaja Nuruddin. Huyu kazi yake ni kuzunguka mikoani akitafutia timu moja ya Ligi Kuu wachezaji. Alitazama mechi mbili, hakupiga makofi hata mara moja, kisha akatufuata nyumbani. Mkataba wa miaka miwili. Alhamisi ya wiki ya pili ya Januari Ndaki awe Mwanza kwa vipimo vya afya, vikiwa vizuri anasaini siku hiyohiyo. Dirisha dogo la usajili lingefungwa wiki moja baadaye.

Nuruddin alipotoka, Ndaki alikaa kwenye kiti akicheka peke yake bila sauti. Nikafunga mlango.

"Safari hii tusimwambie mtu," nikasema.

"Hata mama?"

"Hata mama. Watasikia redioni."

"Na mjomba?"

Mjomba wake, mzee Bujiku wa Mwamapalala, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Ng'ombe wanane kati ya kumi na wawili wa mahari yangu walitoka zizini kwake.

"Mjomba naye," nikasema. "Kitu kizuri kikitangazwa kabla hakijafika kinapata macho, Baba Goodness. Unakumbuka stendi."

Aliikumbuka. Akaitikia kwa kichwa, na mambo yakawa hivyo.

Ijumaa, siku sita kabla ya safari, mzee Bujiku akaja na pikipiki, matope mpaka magotini.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akaketi, akapakata mtoto. "Ndaki, Jumapili fainali. Kombe la ng'ombe. Dume nimemwona kwa macho yangu, nundu lake ungedhani amebeba mtoto. Tunacheza na Kimali."

"Mjomba, mimi nimechoka kidogo."

"Umechoka nini? Umelima?"

"Sijalima."

"Basi umechoka kulala. Kimali wameleta watu wanne kutoka mjini, wana viatu vya rangi ya chungwa. Sisi mtu wetu ni wewe. Nimeshawaambia wazee: mwanangu anakuja."

Ndaki akakuna shingo. Mzee akamtazama vizuri. "Au unaumwa?"

Hilo ndilo tungeweza kulishika. Lakini kwetu mtu hajisingizii ugonjwa, ukijisingizia unauita. Ndaki akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kusema neno moja tu: mjomba, ana safari, amepata timu. Nikamimina chai.

"Siumwi," Ndaki akasema. "Nitakuja."

Mzee alipoondoka, Ndaki aliniahidi: "Dakika ishirini tu. Halafu naomba kutoka."

Jumamosi ilinyesha. Uwanja wa Mwamapalala uko kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaokula ndala, na Jumapili mchana ulikuwa bado unang'aa. Nilisimama pembeni na Goodness mgongoni. Dume amefungwa nyuma ya goli, anatafuna tu, wala hajui fainali. Watu wa Kimali walikuwa wamekuja na malori mawili.

"Huyo ndiye Ndaki mnayemsema? Miguu fimbo za kuchungia!"

"Fimbo ndiyo inayochapa, subiri!" akajibu mwanamke mmoja wa kwetu, na watu wakacheka.

Dakika ya kumi na moja Ndaki akafunga. Hata sikumbuki lilivyoingia, nakumbuka mzee Bujiku alivyovua kofia akaitupa juu. Dakika ya ishirini Ndaki akainua mkono kuomba kutoka. Niliuona ule mkono vizuri. Uwanja mzima ukaguna: "Bado! Bado!" Mzee Bujiku naye akiwa katikati yao, ameweka viganja mdomoni: "Bado, ng'wanone, mwanangu! Mpaka mapumziko!" Ndaki akaushusha mkono.

Hakuguswa na mtu. Alipokea mpira, akataka kugeuka, mwili ukageuka na mguu ukabaki kwenye tope. Pale nilipokuwa nilisikia, au nadhani nilisikia, mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini. Akakaa chini. Alilishika goti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika chombo cha watu, anaogopa kukirudisha kimepasuka.

Mwamapalala walishinda moja bila. Dume akazungushwa uwanjani, wakawa wanaimba jina la mume wangu, naye amelala kwenye kanga yangu. Mzee Bujiku hakwenda kwa dume. Alimbeba Ndaki mgongoni, mzee wa miaka sitini na zaidi, akampeleka kwa bibi mmoja anayekanda mifupa. Bibi akamkanda, akamchanja chale saba kuzunguka goti, akapaka dawa nyeusi. "Limeteguka tu," akasema. "Asichomwe sindano mpaka siku saba ziishe."

Mimi nasoma masomo ya jioni, natafuta cheti cha kidato cha nne. Mwezi uliotangulia mwalimu wa baiolojia alikuwa ametuchorea goti ubaoni: mifupa miwili, na kano zinazopishana katikati. Niliporudi nyumbani nilifungua daftari nikaangalia ule mchoro, nikaangalia goti la Ndaki lilivyovimba kama boga, nikafunga daftari.

Jumatatu simu ya Ndaki ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameizima mwenyewe. Nuruddin akapiga yangu.

"Shemeji, habari zenu huko. Mtu wangu simpati. Yuko fiti?"

Ndaki alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Aliposikia sauti akanitazama na kutikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Yupo," nikasema. "Simu haina chaji."

"Mwili? Hana shida yoyote? Nawaambia wakubwa hapa kwamba ninaleta mtu mzima."

Nilimwona Goodness amekaa sakafuni akivaa kiatu cha baba yake cha mpira, mguu wake mzima umezama ndani.

"Yuko fiti, shemeji. Mzima kabisa."

Kufikia Jumatano uvimbe ulikuwa umepungua. Alimeza vidonge vya maumivu vinne kwa siku, akafunga goti bandeji, akatembea chumbani mara nane, mimi nikihesabu. "Unaona?" aliniambia. "Unaona, Mama Goodness?" Na kweli niliona. Mtu akitaka kuona, anaona.

Alhamisi alfajiri tukapanda basi la Mwanza, mtoto tumemwacha kwa mama yake Ndaki. Tulimwambia tunaenda kumwona ndugu yangu anayeumwa. Huo nao ulikuwa uongo, na wakati huo hata haukuniuma, ulikuwa umepanga foleni nyuma ya ule mwingine.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alipima moyo, macho, mapafu. Kisha akamlaza Ndaki, akamkunjisha goti, akaukalia unyayo wake kidogo ili usisogee, akaushika mguu chini ya goti kwa mikono miwili akauvuta kwake. Ukaja. Ulikuja wazi, kama droo ya meza. Akajaribu mguu mwingine, haukuja. Akarudi kwenye ule wa kwanza, akazigusa zile chale kwa kidole.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini, daktari?" Ndaki akasema.

"Hii ilikatika lini?"

Nuruddin alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Ndaki. Alinitazama mimi.

Nje, kwenye benchi la kusubiria, aliongea polepole, na afadhali angefoka.

"Shemeji, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Jumatatu nilikuwa na siku tatu mkononi kabla ya vipimo. Ningekwenda kwa viongozi, ningewaambia: kijana kaumia, mchukueni hivyohivyo, mtibuni, atacheza msimu ujao. Labda wangekataa. Labda. Nimeshawahi kuwaombea wengine wakakubali. Leo nimewaletea mgonjwa nikiwaapia ni mzima. Nikiwaombea sasa watanisikiliza kwa sikio gani?"

"Kosa ni langu, si lake," nikasema.

"Jina lililo kwenye fomu ni lake."

Akampa Ndaki mkono, akamwambia pole kaka, akaondoka. Siku dirisha lilipofungwa, redio ilisoma waliosajiliwa. Winga wa kushoto alikuwa kijana anaitwa Kasmiri. Ndaki alisikiliza mpaka mwisho, mpaka matangazo ya mbegu, kisha akaizima.

Picha ya goti ilionyesha kano ya katikati imekatika yote. Upasuaji unafanyika Mwanza, jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri. Daktari alisema atatembea vizuri. Nilipouliza kuhusu kukimbia, akasema tuanze na kutembea.

Mwanzoni mwa Februari mzee Bujiku akaja kumjulia hali mgonjwa wake, amebeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikasonga ugali. Alikuwa na furaha ya kujilazimisha, anamtania Ndaki kwamba Kimali bado wanalia. Halafu akanawa mikono na kusema, "Yule Mtoro kanisimamisha sokoni, ananiambia mambo siyaelewi. Eti amesikia kutoka Mwanza kwamba ulikuwa usajiliwe Ligi Kuu. Nikamwambia, wewe umelewa asubuhi. Ndaki apate timu kubwa mimi nisijue?"

Ndaki akamega tonge, akalirudisha.

"Ni kweli, mjomba."

"Kweli lini?"

"Siku ile umekuja na pikipiki. Nilikuwa nisaini Alhamisi iliyofuata."

Maji yalikuwa bado yanamdondoka mzee mikononi.

"Ningekufunga kamba hapa hapa," akasema. "Ningekaa juu yako. Kimali wangechukua dume na zizi langu lote juu yake. Mbona hukuniambia?"

Ndaki akalichukua tena lile tonge, kwa kunihifadhi mimi. Nikasema, "Mjomba, ni mimi. Nilisema tusimwambie mtu. Niliogopa macho ya watu."

"Macho ya watu," akarudia.

"Ndiyo, mjomba."

"Na mimi ni mmoja wa hao watu."

Mzee Bujiku ana macho mekundu, moshi wa miaka mingi wa kuota moto zizini. Kwetu huku wazee wamewahi kukatwa mapanga kwa sababu ya macho ya aina hiyo. Sikuwa nimefikiri hivyo hata siku moja, naapa kwa mtoto wangu. Lakini nilipolitamka lile neno mbele yake, nililiona likimwendea, likaketi juu yake, na sikuweza kulirudisha.

"Mlidhani nitamroga," akasema, bila hasira. "Mtoto niliyembeba mgongoni."

"Hapana, mjomba!"

"Nawashukuru kwa chakula."

Hakuwa amekionja. Akachukua kofia, akaacha kibuyu, akatoka. Hakuja na pikipiki siku hiyo, alikuwa anatembea kuelekea barabarani kutafuta usafiri, amenyooka, mikono nyuma.

Ndaki akasimama. Nikamwambia, "Chukua fimbo." Hakuichukua. Akatoka, akaruka mtaro kwa mguu mzima, akamfuata njia nzima akichechemea, ule mguu mbaya ukitupwa pembeni kila hatua. "Mjomba!" akaita. Vijana wa kijiweni wakageuka kumtazama. "Mjomba, nisubiri, siwezi kukimbia!"

Nilikuwa mlangoni na Goodness kiunoni. Mzee hakugeuka. Wala hakusimama. Ila nilizitazama hatua zake, maana ndizo nilizobakiwa nazo za kutazama, na karibu na duka la mpesa zikaanza kufupika.