Chaki Kwenye Madigadi

Shangazi Konsolata aliteremshwa garini mara nne kabla hatujafika nusu ya safari, na mara zote nne kwa adabu kubwa.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kilima kilichofuata baada ya kuiacha Njombe. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilianza kukwaruza: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Harufu ya mpira ikaingia ndani. Kaka yangu Kasimiri akapunguza mwendo, akatazama kioo, akakohoa.

"Shangazi," alisema, "hapa pana maua mazuri sana. Hungependa kushuka kidogo uyatazame?"

Shangazi akachungulia nje. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu palikuwa na miti ya miwati tu.

"Maua yako wapi?"

"Mbele kidogo. Kule juu kileleni."

Shangazi akashuka, nami nikashuka, maana haikuwa vizuri atembee peke yake. Gari likapanda bila sisi. Tulipofika kileleni Kasimiri alikuwa anatungoja, uso umemkunjuka. Maua hayakuwapo. Shangazi hakuuliza. Aliingia, gari likainama upande wake, tukaendelea.

Ilikuwa mwaka 1955. Kasimiri alikuwa karani bomani Njombe, na gari lilikuwa lake kwa wiki sita tu. Lilikuwa gari dogo la kijani, la milango minne, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Katika ukoo wetu wote pale Uwemba hakuna aliyewahi kuwa na gari, na siku Kasimiri alipolileta nyumbani bibi mmoja jirani alilishika taa akaisalimu, "Kamwene." Kaka alilipenda kiasi kwamba alikuwa akilifunika blanketi lake mwenyewe usiku, kwa ajili ya baridi.

Siti ya mbele, kando yake, alikaa rafiki yake Alois, karani mwenzake. Alois aliwahi kuwa utingo wa lori kwa miezi mitatu, na kwa sababu hiyo alijua kila kitu kuhusu magari. Nyuma tulikaa sisi wawili, shangazi na mimi, pamoja na kikapu changu cha kufumia na kuku mmoja mwenye hasira.

Tulikuwa tunakwenda Makambako. Kesho yake, Jumamosi, dada yetu Fidelia alikuwa anaolewa huko, na wazee walikuwa wamekwishatangulia naye kwa lori. Shangazi alibaki nyuma kwa sababu alikuwa na mgonjwa wa kumhudumia, na Kasimiri aliahidi kumleta mwenyewe, tena kwa raha. Kufika kwake hakukuwa jambo la hiari. Katika ukoo wetu binti hatolewi kwa mkono wa baba. Shangazi yake ndiye anayemshika mkono mlangoni kwa mume na kuyataja majina ya bibi saba waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine. Jina la saba likishatajwa, ndipo mkono unapoachiwa. Pasipo shangazi binti husimama tu pale nje, hata kama padre ameshawabariki.

Mara ya pili Kasimiri alisema pana hewa safi. Mara ya tatu alisema miguu ya mtu mzima isipotembea hufa ganzi. Mara ya nne alisema tu, "Shangazi…" naye akafungua mlango mwenyewe.

Shangazi Konsolata alikuwa mwanamke mkubwa. Alikuwa mkubwa na mwenye furaha, na alipocheka benchi zima kanisani lilitikisika. "Mwili huu niliuanza mwaka wa nzige," alikuwa akisema. "Wengine walikonda, mimi nikakataa." Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilala mgongoni pake kama mtu aliyelala kitandani. Kwa hiyo nilipenda kutembea naye kwenye vilima vile. Alinishika mkono, akanisimulia habari za harusi yake, na mbele yetu gari la kijani lilipanda polepole.

Nikaanza kusikia jambo. Gari lilikuwa tupu nyuma, na bado lilikuwa linakwaruza. Si kwa sauti kubwa kama lilivyofanya tukiwamo, lakini lilikuwa linakwaruza, kwaru, kwaru, mpaka juu. Walio ndani hawakulisikia kwa sababu ya injini. Tulisikia sisi tuliotembea nyuma.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na cheti cha ualimu, na kila siku darasani nilisema mbele ya watoto arobaini. Lakini Kasimiri ni kaka yangu mkubwa, na Alois alijua kila kitu. Tuliporudi garini nikatoa sufu yangu, nikafuma.

Tulifika kwenye duka la njia panda, mahali ambapo magari husimama kunywa chai. Mwenye duka, mzee Tarsis, alitukaribisha. Palikuwa na lori limesimama likielekea Njombe, na dereva wake, Dionis, alikuwa ameketi juu ya gunia na kikombe mkononi. Kasimiri alichuchumaa kuangalia tairi lake. Pembeni lilikuwa limelika, na mstari mweusi unang'aa. Alilipapasa kama anayepapasa shavu la mtoto mwenye homa.

"Likiendelea hivi halifiki," alisema. "Litapasuka."

"Nilikwambia," Alois akajibu, akipuliza chai yake. "Gari hili limetengenezwa kwa watu wanne, Kasimiri. Wewe umepakia wanne, na mmoja wao ni wawili."

Dionis akacheka. Mzee Tarsis akacheka. Shangazi naye akacheka, tena kuliko wote, akampiga Alois begani mpaka chai ikamwagika. "Mtoto mbaya wewe! Na kichwa chako kikubwa hivyo hukukihesabu?"

Wote wakacheka tena. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona vidole vyake chini ya kanga. Vilikuwa vinausokota upindo, vinausokota na kuusokotoa.

Baada ya muda akainuka, akamwendea Dionis.

"Mwanangu, unakwenda Njombe?"

"Naam, mama. Namaliza chai tu."

"Una nafasi mbele?"

"Kwako ipo."

Kasimiri akainuka haraka. "Shangazi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, baba. Gari lako lisife kwa ajili yangu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Avelina huyu atamtoa dada yake. Si damu ileile?"

Kasimiri akafumbua kinywa. Nilimngoja aseme, "Si wewe, shangazi." Hakusema, kwa sababu aliamini kwamba ni yeye. Alisema tu, "Lakini shangazi, shangazi…" na macho yake yakajaa maji.

Shangazi akanivuta kando. "Sikiliza, mwanangu. Bibi wa kwanza ni Ida. Aliyemzaa Ida ni Anyisile, yule aliyetoka upande wa ziwa. Sema."

"Ida. Anyisile."

"Sema kwa sauti. Kesho watakuwa watu mia mbili."

Tukaendelea hivyo mpaka jina la saba. Lakini si hao watu mia mbili walionitia uchungu. Nilimwona Fidelia amesimama mlangoni, anatazama barabarani, anamtafuta shangazi yake. Ningemwambia nini? Kwamba tulimwacha njiani kama gunia lililozidi?

Ndani ya kikapu changu, chini ya sufu, palikuwa na vipande vya chaki. Mwalimu hukosa vingine, chaki hakosi. Nikachukua kimoja, nikaenda kwenye gari, nikapiga magoti juu ya udongo, nikaanza kupaka chaki ndani ya ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, kuanzia mbele ya tairi, kupita juu, mpaka nyuma.

"Mwalimu anaandika nini huko?" Alois akauliza.

Nilimnong'oneza shangazi, naye akapaza sauti kama mwadhini: "Mwalimu anasema niingie garini! Anasema Kasimiri apandishe kale kamlima ka nyuma ya duka, halafu arudi!"

"Mama, mimi naondoka," Dionis akasema.

"Kunywa chai nyingine! Tarsis, mmiminie!"

Wakapanda, wakashuka, gari likikwaruza njia nzima. Nikainama kutazama. Juu ya tairi chaki ilikuwapo yote, nyeupe kama nguo ya Komunyo ya kwanza. Nyuma ya tairi ilikuwapo yote. Mbele ya tairi haikuwapo hata chembe, na badala yake palikuwa peusi.

Nikapaka tena, shangazi akashuka, Kasimiri akapanda peke yake. Aliporudi ilikuwa vilevile, juu peupe na mbele peusi.

Sasa ilinibidi niseme, na shangazi alikuwa ameanza kumtafuta kuku wake aliyetoroka. Hapakuwa na wa kunisemea. Basi nikaliambia madigadi, kwa maana kusema na madigadi ni rahisi.

"Uzito hulikandamiza gari kwenda chini," nililiambia. "Ingekuwa ni uzito, tairi lingegusa huku juu. Huku juu halijagusa. Limegusa mbele, na limegusa hata shangazi asipokuwamo. Tulipotembea nyuma tulilisikia. Tangu kilima cha kwanza."

Kisha Alois akasema nyuma yangu, "Labda tairi si saizi yake. Limezidi."

"Namba zake ni sawa na za tairi la akiba. Nimezisoma."

"Basi springi. Mtu kaliwekea springi nyingine."

"Springi ni zilezile za kiwandani!" Kasimiri akafoka, kama mtu aliyetukaniwa mama. "Gari hili halijabadilishwa hata skrubu!"

Nikakata uzi wa sufu. Nikamwomba Kasimiri ashike ncha moja katikati ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, mimi nikaunyoosha mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, nikafunga fundo. Tukahamia upande wa kushoto. Huku fundo lilipita katikati ya gurudumu. Gurudumu lilikuwa limesogea mbele kwa vidole viwili.

Dionis aliweka kikombe chini. Alikuwa dereva kweli. Alilala chali, akajisukuma chini ya gari, tukabaki tunaiangalia miguu yake. Tukasikia anagonga chuma. Kisha tukasikia anacheka.

Alitoka na uso mwekundu kwa vumbi, ameshika kipande cha boliti kisichozidi kidole.

"Hii hapa. Hii ndiyo inayoifunga springi isiteleze juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Imekatika. Ukipanda kilima, ekseli upande huu inasogea mbele, tairi linabusu madigadi." Akamwonyesha Alois pale ilipokatikia. "Na tazama, utingo. Kutu hii ni ya miezi. Ilikatika kabla rafiki yako hajalinunua gari, na kabla mama huyu hajalijua."

Akamgeukia shangazi, aliyekuwa anarudi na kuku kwapani.

"Mama, huendi Njombe leo. Sikupakii!"

"Kwa nini? Nimezidi hata lori?"

"Huna kosa, mama. Kosa ni hili, nimelishika."

Shangazi akakichukua kile kipande cha chuma, akakipima mkononi, akakitazama kwa muda mrefu. "Kadogo hivi?" alisema. "Na mimi nilipanda vilima vinne!" Kisha akacheka, na safari hii vidole vyake vilikuwa vimetulia.

Kasimiri alimshika mikono yote miwili. "Shangazi, nisamehe. Maua hayakuwapo."

"Nilijua, baba. Na miwati nayo nilikuwa nishaichoka."

Boliti mpya haikuwapo, lakini mzee Tarsis alikuwa anauza boliti za plau. Moja ilikuwa na kichwa kinene kidogo. Dionis alikishikilia, Alois akakisugua kwa tupa, akisugua kwa bidii ya mtu mwenye kosa. Wakainua gari kwa jeki, wakalegeza nati kwa spana huku na huku, Kasimiri na mzee Tarsis wakaisukuma ekseli ikarudi mahali pake. Saa moja nzima. Shangazi alikaa juu ya gunia, akala mahindi ya kuchoma, akawa anawaambia wapi pa kukaza. Mwisho nikapima tena kwa uzi, na fundo likakaa sawa pande zote mbili.

Dionis aliondoka akipiga honi mpaka alipopotea kwenye miwati. Sisi tukaelekea Makambako, shangazi mbele safari hii, Alois nyuma pamoja nami na kuku. Ukungu ulikuwa umeondoka. Gari lilikwenda kimya kabisa, tairi linanong'ona tu barabarani, na Kasimiri alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Maili chache kabla ya kufika pana kilima kirefu. Kasimiri, kwa mazoea, akapunguza mwendo. Shangazi akageuka polepole kwenye siti, akatazama nyuma.

"Alois, mwanangu," alisema kwa upole mwingi. "Hapa pana maua mazuri sana."

Alois akaniangalia mimi, akamwangalia Kasimiri. Hakuna aliyemwokoa. Akafungua mlango, akashuka.

Tulimngoja kileleni. Alikuja anahema, lakini mkononi alikuwa na maua kweli, ya manjano, yale yanayoota kando ya mifereji, fungu zima. Akampa shangazi dirishani. Shangazi akayanusa, akapiga kigelegele peke yake pale kilimani, na kuku akaitikia.

Kesho yake Fidelia aliyashika maua yale mlangoni kwa mume, yamenyauka kidogo. Shangazi alimshika mkono mwingine, akaanza: Ida, Anyisile, mpaka wa sita. Hapo akanyamaza, akanitazama mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya Kasimiri. Watu mia mbili wakanitazama. Nikatafuta madigadi la kuliambia. Halikuwapo.

Nikalitaja jina la saba kwa sauti, na shangazi akauachia mkono.