Tembo Kwenye Mahindi ya Bibi Ludovika

Kabla hakujapambazuka, vifuniko vya sufuria viligongana jikoni. Bibi Ludovika wa Namtumbo akajua tembo amejikuna tena ukutani, na sasa anaingia kwenye mahindi, chakula chake cha mwaka mzima.

Alitoka na sufuria na mwiko ili amfukuze kwa kelele. Barabarani, gari la watalii waliokuwa wakirudi Songea likasimama. Siku tatu hifadhini walikuwa wameona kinyesi cha tembo tu.

“Shikamoo, bibi! Usipige kelele, atakimbia!” alisihi kiongozi wao, Fulgence.

“Marahaba. Ndivyo ninavyotaka.”

“Bibi, huyu ni urithi wa taifa!”

“Na mahindi ni urithi wa nani?”

Walicheka, wakamwelekezea tembo taa za gari wapige picha. Mmoja akamwomba bibi asogee kidogo, anamziba tembo. Tembo akahamia mstari wa pili.

Ndipo binti mmoja kati ya watalii, Violet, akatia simu mfukoni, akakimbilia jikoni, akatoka na vifuniko viwili akivigonganisha kwa nguvu zote. Tembo akatikisa masikio, akarudi porini. Watalii wenzake wakamnunia Violet.

Bibi akamkatia mahindi mabichi matano.

“Uje tena kunitembelea, mjukuu wangu,” alimwambia. “Na hawa wenzako uje nao, wakati wa palizi.”