Sumu ya Kijukuu

Mzee Futi hakuwa akimwogopa mnyama mdogo. Yeye ndiye msimamizi wa matangi katika jumba letu la viumbe wa baharini, na jina hilo alilipata kwa kupima kila kitu. Mayavuyavu, wale wanyama laini kama ute wa yai wanaoelea wakiburuta nyuzi zao za sumu, aliwaheshimu kwa urefu. Yule wa manyoya ya simba, ambaye ukoo wake hufikia mwavuli wa mita mbili na nyuzi za kupita mita thelathini, alimwamkia kila asubuhi. Yule wa mwezi, anayeenea kwenye sahani na ambaye wengi akiwachoma hawasikii kitu, alimwita Bwana Harusi. Na yule mdogo kuliko wote, punje ya njegere yenye nyuzi nne, alimwita Kijukuu, na tangi lake alilisafisha mikono mitupu.

Nilimwambia avae glovu. Akanitazama kutoka juu, maana mimi ni mfupi na sioni haya kulisema, akaniuliza nimekuwa wakili wa wafupi tangu lini.

Ugomvi wetu ulikuwa na mizizi. Nilikuwa nimemposa binti yake, anayekata tiketi pale mlangoni. Binti alikubali. Baba alitoa futi mfukoni, akanipima mbele ya wafanyakazi wote, akasema mtoto wake mrefu hataolewa na mtu atakayehitaji kiti kila akitaka kumnong'oneza. Nikamjibu kwamba mimi naoa, siezeki paa. Tangu hapo tukawa tunasemeshana mambo ya kazi tu.

Basi asubuhi moja Kijukuu akamgusa kwenye kifundo cha mkono. Mzee akasema ni kama mbu, tena mbu mgonjwa. Nilipommiminia siki tunayoiweka kwa dharura hiyo, akanung'unika kwamba yeye si saladi. Nusu saa haikupita, mgongo ukamkaza, jasho likamtiririka, akatapika ndani ya ndoo ya chakula cha samaki. Tukambeba.

Hospitalini daktari alimchoma sindano ya maumivu, akamfunga mashine ya moyo, akasema tumemuwahi na atapona. Mzee hakusadiki. Alisema madaktari humwambia hivyo kila maiti. Maumivu yalimjia kwa mawimbi, na kila wimbi likipanda aligawa urithi. Redio akampa mdogo wake, ambaye hakungoja wimbi la pili, akaenda kuichukua. Jirani aliyemkatia mti akamsamehe. Wimbi likishuka, alifuta yote. Likipanda, aliyarudisha. Mwishowe akatushika mikono, mimi na binti yake.

"Mwoe," akasema. "Mimi nakufa. Kifo nakiona, kimekaa hapa kitandani."

Binti akanikonyeza nisitie neno.

Lakini mimi nilijua alichokuwa nacho. Kila siku huwasomea wageni kibao cha tangi lile: aliyechomwa huingiwa na yakini kwamba anakufa, na yakini hiyo ni kazi ya sumu. Mzee hajawahi kukisoma. Husema kibao ni cha mgeni, mwenyeji anamjua mnyama wake. Ningenyamaza tu, nimepata mke, kama mwenzangu alivyopata redio. Ila damu ilinichemka. Nipewe mke na punje ya njegere? Na shukrani nimpe nani, baba mkwe au Kijukuu?

"Mzee, hufi," nikasema. "Huo woga ni sumu. Humfanya hivyo hivyo kila anayechomwa. Kesho utaamka unatutukana kama kawaida."

Binti aliuachia mkono wangu. Akaniuliza polepole kama dakika kumi za kunyamaza zingeniua.

Wimbi lilikuwa limeshuka. Mzee akanikazia macho.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Tangu redio."

"Na ukaniacha nimsamehe yule mkata miti?"

"Ule msamaha ulikuwa mzuri, Mzee. Sikutaka kuuharibu."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa akitafuta tusi. Aliniita mpumbavu, akasema mwenye akili angemwacha amalize, tena angeita na mashahidi.

"Nimefuta," akasema. "Mtoto wangu simtoi kwa maumivu ya mgongo. Walete wazee wako nyumbani, waniombe nikiwa mzima, nikiwa na nguvu za kukataa."

Binti akamuuliza lini.

"Mwisho wa mwezi." Kisha uso ukamkunjamana, akashika chuma cha kitanda. "Jumapili hii." Wimbi likapanda zaidi. "Jumamosi. Asubuhi, mwanangu, waje asubuhi."

Tulingoja lishuke, tusikie atakavyofuta. Lilishuka. Mzee akaomba maji, akanywa, akageukia ukutani, na hakufuta kitu.