Kazi Yenye Mwenyewe

Gilgil walimpigia makofi. Subukia walimpa jogoo mwekundu, mbishi, ambaye mpaka leo hataki kulala banda moja na kuku wengine. Kwa miezi minane Mwalimu Cherono, mstaafu asiyejua kustaafu, alikuwa amezunguka kaunti nzima ya Nakuru akihimiza watu wajitolee, na kila alipokanyaga kazi ilifanyika. Gilgil walizibua mtaro wa soko ambao kila mtu alikuwa ameuzoea kwa kuziba pua. Subukia walipanda miti mia nne nyuma ya zahanati, kisha wakarudi wenyewe kuimwagilia maji bila kukumbushwa. Ofisi ya kaunti ilifurahi, ikampa cheo cha Mratibu wa Kujitolea na fulana ya kijani yenye maneno hayo mgongoni. Mwalimu aliipiga pasi kila Ijumaa.

Halafu akaja kufanya kwao, Rongai, na kwao wakamwaibisha.

Jambo lenyewe lilikuwa daraja. Kati ya shule aliyofundisha miaka thelathini na mmoja na mashamba ya ng'ambo kuna korongo. Wakati wa kiangazi watoto hushuka na kupanda wakicheka. Masika yakianza, maji hujaa, na watoto arobaini wa ng'ambo hukaa nyumbani wiki baada ya wiki. Mwaka uliopita msichana mmoja wa gredi ya tatu alijaribu kuvuka, akaopolewa kwa kola ya sweta. Cherono alikuwa amefundisha madawati matupu kila mwezi wa nne tangu akiwa msichana mwembamba wa kutoka chuoni, na jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko alivyosema. Sasa alikuwa amepata dawa. Ofisi ya kaunti ilikubali kutoa mbao na misumari, kwa sharti kwamba wenyeji wakusanye mawe na watoe mikono. Lori lingekuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu. Lisipokuta watu, lingegeuza na kupeleka mbao wadi nyingine iliyokuwa ikizililia.

Basi mwanzoni mwa Februari akaitisha siku ya kukusanya mawe. Hakufanya mchezo. Alichapisha mabango yenye picha yake, akakodi pikapu yenye kipaza sauti, akapita akihubiri utu, umoja na moyo wa kujitolea. Siku ilipofika akavaa fulana yake ya kijani, akasimama ukingoni mwa korongo tangu saa mbili asubuhi.

Walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa Fundi Jamleck, aliyetaka kujua kama kuna kandarasi. Wa pili alikuwa Wanjugu, yaani Mama Cate, jirani wa Mwalimu, aliyekuwa akitafuta ndama. Na mbwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwalimu alicheza kwao akaambulia mbwa.

Kituo cha biashara kizima kilikuwa na maelezo yake. "Mwalimu, sema tu ukweli," muuza mboga alimwambia akifunga sukuma wiki. "Unatafuta kiti gani kwenye uchaguzi? MCA ama women rep? Tujue mapema." Mwalimu akaapa kwamba hatafuti kiti. Yule mama akatabasamu jinsi mtu anavyotabasamia uongo wa mtoto.

Jioni hiyo Cherono alienda moja kwa moja hadi zizini kwa Wanjugu, hasira zimempanda. Wanjugu alikuwa anakamua, na hakuacha.

"Mama Cate, hawa watu wana shida gani? Gilgil hawanijui hata kidogo, na walikuja!"

"Ndiyo maana walikuja. Hawakujui."

Cherono akaegemea mlango wa zizi.

"Hebu nikuulize, Mwalimu," Wanjugu akaendelea, macho kwenye ndoo. "Hiyo kazi ni ya nani?"

"Ni ya jamii."

"Jamii ndiyo nani? Anakaa wapi? Nikimaliza kubeba mawe yake nitanawa mikono kwa beseni ya nani?"

Hapo hakuna mtu wa pande zile ambaye angehitaji kufafanuliwa. Huko kazi huitwa na mwenyewe. Ukiwa na shimo la kuchimba au shamba la kupalilia, unapita nyumba kwa nyumba, unasema una kazi na unaomba msaada. Watu wanakuja na majembe yao, wewe unapika na kuwawekea beseni la kunawa. Kesho wakiita, unaenda. Wagikuyu huita ngwatio, Wakalenjin wana jina lao, na korongo halijawahi kuzuia desturi hiyo kuvuka. Asiyeenda kwa wenzake haiti. Hakuna anayemkataza, ni kwamba akiita, kila mtu atakuwa na ndama amepotea.

"Mimi nilipochimba choo, ulikuwa wapi?" Wanjugu aliuliza.

"Mama Cate, nilikuwa nasimamia mitihani. Lakini nilituma sukari."

"Ulituma. Kilo mbili. Kiprugut akijenga boma yake, ukatuma sukari. Tukibeba mbolea kwa Jepleting, sukari. Mwalimu, tumekunywa chai yako miaka thelathini na tunashukuru sana. Lakini sukari haishiki jembe."

Cherono alitaka kusema kwamba alikuwa na shughuli, kwamba alikuwa akifundisha watoto wao hao hao, kwamba hata Jumamosi alikuwa na vitabu vya kusahihisha. Yote yalikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba alijiona mtu wa chaki, si mtu wa jembe, na wenzake walikuwa wameliona hilo miaka mingi kabla yake. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Mtu anayezunguka kaunti nzima akifundisha watu kusaidiana, na hajawahi kuingia shimo la choo la jirani!

Alirudi nyumbani akaitundika fulana ya kijani nyuma ya mlango. Akatafuta gambuti za mpira za marehemu mumewe, Kipkemoi, akatoa buibui ndani yake, akazivaa na soksi mbili ili zimkae.

Siku ya kwanza ilikuwa kwa Kiprugut, kubeba mbolea ya ng'ombe hadi shambani. Walipomwona anakuja walidhani amekuja kuhutubia, wakakimbia kumletea kiti. "Kiti chenyewe hiki ndicho mnasema natafuta?" akauliza. "Kirudisheni." Akashika sepetu. Kufikia saa sita viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na mgongo ulikuwa ukimtukana, lakini hakukaa. Simu ikalia. Alikuwa Levis, kijana wa ofisi ya kaunti, akimtafuta kwenye kikao Nakuru mjini.

"Madam, tunakungoja. Uko wapi?"

"Niko kwa mavi ya ng'ombe," Cherono akasema, "na sitoki hadi yaishe." Watu walicheka hadi fahali wa Kiprugut akageuka kuangalia.

Alienda kwa Jepleting kuziba ua. Alienda ng'ambo kwa mzee Kang'ethe kung'oa visiki. Wiki nne alizunguka, mara nyingi bila kualikwa, na kila mahali alikula alichopikiwa na kunawa kwa beseni la mwenye kazi. Hakutaja daraja hata mara moja. Wengine walimwambia uso kwa uso kwamba wiki nne haziwezi kulipa miaka thelathini. Naye akawajibu kwamba anajua.

Ilipobaki siku tatu lori lije, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Pikapu hakuikodi tena. Na hapo ndipo alipogundua kwamba yeye, bingwa wa kuhimiza, hakuwa amewahi kumwomba mtu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Mlangoni kwa Kang'ethe alipangusa gambuti kwenye nyasi mara mbili. "Mzee, Jumamosi niko na kazi," alisema hatimaye. "Kazi ni yangu. Wale watoto wakikaa nyumbani, mimi ndiye nimekuwa nikiumia. Naomba unisaidie." Kang'ethe alimtazama, akasema ameskia. Si zaidi ya hapo. Wote walisema wameskia.

Jumamosi, jua halijachomoza, sufuria mbili za githeri ya mahindi na maharagwe zilikuwa motoni ukingoni mwa korongo. Saa moja, hakuna mtu. Saa moja na nusu lori likaingia na mbao, Levis mbele na fomu zake na vizibao arobaini vya njano vya kuvaa kazini. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Madam, watu wako wapi? Nimeambiwa tukikosa watu nigeuze gari."

"Ngoja," Cherono akasema. Alikuwa amesimama hapo hapo na kungoja vivyo hivyo mwezi uliopita.

Kwanza walisikia kengele ya fahali. Kiprugut alitokea akiwaswaga wawili wakivuta mkokoteni uliojaa mawe, na nyuma yake wanawe, na nyuma yao Jepleting na wifi zake. Ng'ambo, Kang'ethe alishuka akiongoza watu wake, majembe mabegani. Muuza mboga alikuja na sukuma wiki gunia zima. Fundi Jamleck alikuja na pima maji na msumeno, na safari hii hakuuliza kandarasi. Aliuliza tu Mwalimu anataka daraja lianzie wapi. Watu sitini na watatu. Cherono aliwahesabu kama alivyohesabu watoto kwenye gwaride, kisha akashindwa kuona vizuri, akageuka kukoroga githeri isiyohitaji kukorogwa.

Walifanya kazi kama watu wenye ugomvi na korongo. Vizibao vya njano vilibaki kwenye lori. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuvijaribu. Saa kumi ubao wa mwisho ulipigiliwa, na Kiprugut akavusha fahali wake wote wawili kwa mpigo, ili asitokee mtu wa kusema halijajaribiwa. Daraja halikulia hata kidogo. Yule msichana wa sweta alivuka akirudi, akavuka akienda, mara tisa, mpaka mama yake akamkemea. Cherono alimwangalia kila mara, na kila mara alijisikia kuwa mrefu kidogo.

Levis akaja na fomu yake kwa Wanjugu, aliyekuwa akinawa. "Mathe, nipe jina na sahihi. Hii ni ya waliojitolea."

"Waliojitolea?" Wanjugu akapangusa mikono. "Hapa hakuna. Sisi tumeitwa na jirani."

Akaenda kwa Kiprugut. "Mimi nimeitwa na Mwalimu." Kang'ethe naye akasema yeye amekuja kwa kazi ya mwenyewe, na mwenyewe ni yule pale mwenye gambuti. Levis alizunguka watu wote sitini na watatu, akarudi na karatasi nyeupe na uso wa mtu aliyepotelewa.

"Madam, nitapeleka nini ofisini? Fomu iko tupu."

Cherono aliichukua. Alikuwa ametuma ripoti nane kutoka kila pembe ya kaunti, zenye majina mpaka pambizoni, na alikuwa amejivunia kila moja. Akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya idadi ya waliojitolea akaandika sifuri, duara safi la mwalimu. Akatia sahihi.

"Peleka hivyo hivyo," akasema.

Wanjugu alikuwa ameanza kuondoka, jembe begani. Katikati ya daraja akasimama.

"Mwalimu! Jumanne napanda mahindi. Naomba unisaidie."

"Nitakuja, Mama Cate."

"Na mikono mitupu," Wanjugu akaita. "Sukari niko nayo."